Kutemwa kwa Upole

Mimi ni mfupi. Silisemi hilo kwa kujidharau. Nalisema ili msomaji aelewe kwamba msimu ule mzima nilikuwa nikisalimiana na vifua vya watu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, hapa Birmingham, nami nilikuwa dereva wa basi dogo la timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Asubuhi nilisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa upande wa Harborne. Jioni na mwisho wa wiki niliwabeba hawa wengine, wazima wa afya lakini wasiojua kufunga mlango wa gari bila kuung'oa. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Nimekulia Tanga, na Tanga mtoto huzaliwa akiujua mpira wa miguu; huu wa kutupia kwenye kapu niliuona kuwa ni mchezo wa watu waliokatazwa kutumia miguu yao.

Niliajiriwa kuendesha. Kazi niliyoishia kuifanya ni kuwaambia wachezaji kwamba timu haiwataki tena. Wawili niliwaambia vibaya, mmoja alijiambia mwenyewe, na yule wa nne, kijana wa Bukavu, nilikuwa nikimwomba Mungu kila nikishika usukani nisije nikatumwa kwake.

Lawama za haya yote nawagawia watu wawili, kocha na mimi. Kocha wetu alikuwa mtu wa sauti. Refa akikosea, kelele zake zilifika mpaka kwenye maegesho ya magari. Lakini umweke mbele ya mchezaji wa kuachwa, aliyeyuka kama samli juani. Aliangalia viatu vyake, akaangalia saa, akakumbuka simu aliyotakiwa kuipiga. Sijapata kuona mtu mwenye mabega mapana vile akiwa mwoga namna ile.

Kosa langu mimi ni kujisifu. Wenzangu wa hapa wanajua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa mpeleka habari. Mtu akifiwa huko nyumbani, awe Mtanga, Mzanzibari, au hata Msomali aliyekulia Mombasa, ndugu zake hawakumpigia yeye simu. Walinipigia mimi. Nilivaa kanzu, nikamchukua mtu mzima mwenzangu mmoja, tukaenda mpaka kwake. Nilikuwa na taratibu zangu. Habari mbaya haisemwi kwenye simu. Haisemwi mtu akiwa amesimama. Haisemwi kabla hajala, maana baadaye hatakula. Unamsalimu vizuri, unamuuliza watoto, unahakikisha pana mtu wa kumshika karibu, kisha unamwambia, "Mzee anaumwa kidogo." Baadaye unasema amezidiwa. Ukifika hapo yeye mwenyewe ameshajua, na wewe hujalitamka neno. Niliona ni ufundi, na sikuwa nimekosea. Watu walikuwa wakinishukuru katikati ya machozi.

Basi usiku mmoja tukirudi kutoka kufungwa mji mwingine, kocha kakaa mbele nami, nikamsimulia yote hayo ili asisinzie. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza mtu yeyote. Nilidhani anavutiwa na mila zetu. Siku tatu baadaye akanikabidhi bahasha na kuniomba niende kwenye nyumba ya wachezaji, kule Northfield, nikamwambie Mmarekani wetu wa kwanza kwamba ametemwa.

Huyu Mmarekani alikuwa mchezaji mwepesi, mcheshi, tatizo lake moja tu: mpira ukimfikia, hakuna mwingine aliyeuona tena. Alirusha akiwa karibu, akarusha akiwa mbali, nadhani angeweza hata kurusha akiwa ndani ya basi. Novemba kocha alichoka naye, akasajili mwingine.

Nilikwenda na biriani ya mke wangu. Nikasubiri ale. Nikamuuliza mama yake, nikamuuliza dada zake. Kisha nikaanza taratibu zangu: kocha anaona kwamba umechoka. Akasema hajachoka. Nikasema kocha ana wasiwasi na magoti yako. Akasema magoti ni mazima. Nikamwambia hata hivyo ingekuwa vizuri upumzike kidogo, na hakuna mahali pa kupumzika kama nyumbani kwa mama. Machozi yakamlenga, akainama akanikumbatia. Akasema maisha yake yote hajawahi kupata kocha anayejali magoti yake.

Nilitoka pale nimejaa fahari. Bahasha nilibaki nayo mfukoni, kwa sababu kumkabidhi mtu barua baada ya mazungumzo mazuri kama yale niliona ni ukosefu wa adabu. Kwetu mtu akiambiwa "anaumwa kidogo", tayari mkewe anatafuta kanga ya kujifungia kiunoni. Nilichosahau ni kwamba huyu ametoka mahali ambapo mtu akiambiwa apumzike, anapumzika.

Alipumzika siku nne. Jumamosi nilipokwenda kuwachukua wachezaji, nikamkuta mlangoni na begi lake, anang'aa kwa furaha kama mtu aliyetoka likizo. Ningefanya nini? Nilimfungulia. Alikaa mbele, pembeni yangu. Nyuma yake alikaa yule mpya aliyekuja kuchukua nafasi yake, na kwa kuwa mimi ni mtu wa adabu, niliwatambulisha. Walipeana mikono. Walizungumza njia nzima, wakapatana sana. Tulipofika uwanjani, ndipo wote wawili wakagundua kwamba wamepangiwa jezi moja, yenye namba ile ile.

Kocha alinitazama juu ya vichwa vya watu, jambo ambalo kwake lilikuwa rahisi. Nikatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa na doa la samli. Jumanne nilimpeleka yule kijana uwanja wa ndege, mpaka kwenye mlango wa abiria. Akashusha begi, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuvuta maneno kwamba mimi ni mtu mwema, ila siku nyingine nifungue mdomo tu.

Mke wangu alicheka wiki nzima. Yeye ni Mzanzibari, na Mzanzibari akipata la kukucheka huliweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Nikiingia jikoni ananiuliza, "Magoti hayajambo?" Nikilalamika nimechoka, ananiambia nikapumzike kwa mama. Binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa na anayesikia kila neno la Kiswahili lakini hajibu hata moja, alitoa hukumu yake kutoka kwenye kochi: "Just tell people, Dad. God." Nikamwambia Mungu asiingizwe katika mambo ya kikapu.

Yule mpya hakunipa shida. Alicheza siku kumi na tisa, akapata timu Uturuki, akaondoka bila kuaga. Alinipigia akiwa ndani ya treni kuniomba nimwambie kocha, na nikazime jiko. Niliendesha mpaka Northfield nikakuta sufuria ya maharage imekuwa nyeusi ndani na nje, na wenzake watatu wameketi sebuleni, madirisha wazi, wamevaa makoti. Kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye anayepika. Nilipomweleza mke wangu kwamba huyo naye keshakwenda, akaniuliza kama ile ni timu au kituo cha basi.

Desemba nikatumwa tena, safari hii kwa Mwingereza, kijana mkimya mwenye nywele nyekundu. Nikajisemea, mara hii nafungua mdomo. Tulikuwa wawili garini, taa nyekundu, pale Northfield mbele ya maduka, watu wamejaa na mifuko ya Krismasi. Nikamgeukia nikamwambia, "Kocha hakutaki." Basi. Maneno mawili, bila salamu, bila biriani. Nilijiona mtu wa kisasa. Yule kijana akafungua mlango, akashuka pale pale kwenye taa, akaondoka kwa miguu kwenye mvua. Kichwa chake chekundu nilikiona kwa muda mrefu juu ya miavuli ya watu. Baadaye ndipo kocha akanieleza, kwa mara ya pili na polepole, kwamba kijana alikuwa ameazimwa tu kwa timu nyingine kwa mwezi mmoja ili apate dakika zaidi za kucheza. Aliporudi Januari hakukaa tena upande wangu wa basi.

Na Januari hiyo hiyo ndipo alipokuja wa Bukavu.

Sikujua kwamba ni mtu wa Kiswahili. Kwenye orodha ameandikwa ametoka Ubelgiji, ana karatasi za Ubelgiji, ana urefu unaonifanya mimi nionekane nimesahauliwa na mtu sakafuni. Siku yake ya kwanza kwenye basi, gari moja likanikatia njia, nami nikamweleza yule dereva, kwa Kiswahili cha Tanga, mambo fulani kuhusu ukoo wake. Kutoka viti vya nyuma ikaja sauti ya chini, ya heshima: "Papa, ni wewe unasema Kiswahili hivyo?" Nusura nipande juu ya ukingo wa barabara.

Tangu siku hiyo nilikuwa Papa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ameondoka Bukavu akiwa na kumi na saba kwa sababu padri mmoja alimwona amezidi mlango kwa urefu, akamtafutia timu Ubelgiji. Kiswahili chake na changu vilikuwa ndugu waliokulia kwa mama wawili. Alisema mimi naongea kama taarifa ya habari. Nilimwambia yeye anaongea kana kwamba ngeli ni jambo la hiari. Alisema "aksanti" na "sikusikiye", akitafuta neno na kulikosa alichovya Kifaransa, timu kwake ikawa "ekipe", na mke wangu, ambaye hunisahihisha mimi hata nikiota, kwake hakusahihisha kitu. Alimwona mwembamba.

Kila Jumapili alikuja kwetu, Winson Green. Nyumba zetu kule zimeshikana bega kwa bega, milango mifupi, na mwisho wa barabara unaonekana ukuta wa gereza kubwa. Mke wangu husema ndio majirani pekee wasiokuja kuazima sukari. Kijana aliinama kuingia, akaangusha picha mbili ukutani, akala sahani tatu. Baada ya chakula alitoa kadi ya simu aliyoinunua dukani, akakwangua namba, akampigia mama yake kwa simu yetu ya mezani. Alibonyeza spika ili nasi tumsalimu. Mama yule alikuwa na sauti ya kuamrisha. Alimuuliza mwanawe kama amekula, kama amevaa kitu cha moto, kama wazungu wanampigia makofi. Alisema kanisani wameshatangaza kwamba mwanawe ana kazi Uingereza.

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa wa kumkwama mtu kooni. Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi miwili. Kocha alikuwa akimsubiri Mmarekani mmoja jitu, aliyeteguka kifundo cha mguu huko kwao. Kifundo kikipona kabla dirisha la usajili halijafungwa mwisho wa Februari, kijana wetu anaondoka. Kisipopona, anabaki mpaka msimu uishe Aprili, na timu ingemwona, na pengine ingemtaka tena. Mustakabali wake wote ulikuwa ndani ya soksi ya mtu mwingine. Sijawahi kumwombea binadamu mwenzangu asipone, lakini mwezi ule nilikaribia sana; nikaishia kumwomba Mungu ampe yule Mmarekani mapumziko marefu, kwa mama yake.

Mama hakujua lolote kuhusu miezi miwili. "Papa," kijana aliniambia Jumapili moja, anakausha vyombo ambavyo mke wangu amemkataza asiviguse, "wakiniacha, miye sitaweza kumwambia."

"Hawatakuacha," nikasema.

Mke wangu alikuwa anafunga kopo la chai. "Mficha maradhi," akasema, halafu akatuachia wenyewe tumalizie.

Alikuwa mchezaji mzuri? Nimeulizwa. Nasema kwa haki: mpira ukigonga chuma na kurudi, ulikuwa wake, hata watu wanne wakimning'inia. Akipewa nafasi ya kurusha mwenyewe, bila mtu kumzuia, wote wametulia wanamtazama, alikosa. Nadhani aliona aibu kufunga watu wakiwa wamesimama hivyo. Mechi moja ya Februari alidaka mipira mingi hata watazamaji wakaanza kuimba namba yake, na kocha akampiga kofi la mgongo, nikasema moyoni, kifundo kibaki na mwenyewe.

Kifundo kikapona.

Kocha alinifuata Jumamosi baada ya mechi, anaangalia viatu vyake. Nilimwona kutoka mbali nikajua. Nilimwambia hapana. Nilimwambia mimi ni dereva, nimekatiwa bima ya kugonga magari, si ya hii. Akasema yeye hawezi, kijana anampenda. Nilikasirika, na hasira ya mtu mfupi mbele ya mtu mrefu ina shida zake, kwa sababu unamfokea mtu tumboni. Lakini usiku kucha niligeuka kitandani nikiwaza: nikikataa, ataambiwa na bahasha. Bora asikie kwa lugha yake, mezani, kutoka kwa mtu anayemwita Papa.

Jumapili alipomaliza sahani ya kwanza nikafungua mdomo. "Mwanangu," nikasema, "timu imekuacha. Yule Mmarekani amepona. Unaondoka Jumatano, unarudi Ubelgiji." Sikuongeza goti wala uchovu.

Aliweka kijiko chini. Binti yangu alinitazama kama anayemwona baba yake kwa mara ya kwanza. Kijana akasema, "Aksanti, Papa, kwa kuniambia," akachukua tena kijiko, akala pilau yote iliyobaki, polepole, mpaka punje ya mwisho. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Nilimpenda yule mtoto, na sikuwa nimelijua hilo mpaka nilipomwona anakwangua sahani ili mke wangu asijisikie vibaya.

Kisha akasema jambo ambalo ningepaswa kulikataa. "Kwa mama, utasema weye. Weye ni mutu mukubwa, atakusikiliza. Miye, akianza kulia, nitalia."

Nilikubali, na naungama kwamba niliposogeza kiti kwenye simu nilihisi kitu kama mtu aliyestaafu anayeitwa tena kazini. Mzungu amenishinda, Mmarekani amenishinda, lakini huyu ni mama wa Kiswahili. Hapa ufundi wangu uko nyumbani. Nilisahau sheria yangu ya kwanza kabisa, ile ya simu.

Kijana alipiga namba, akabonyeza spika, akarudi nyuma, akafunika uso kwa mikono.

"Hujambo, mama," nikaanza. "Ni mimi, Papa wa Birmingham. Habari za hapo? Watoto hawajambo? Wakubwa je?" Akajibu wote wazima. Akauliza mwanawe yuko wapi leo, mbona hasikii sauti yake. "Tulikuwa naye hapa," nikasema, kwa sauti yangu ile ya taratibu. "Amekula vizuri. Mama, umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa kidogo, mama. Kuna mtu hapo karibu nawe?"

Kukawa kimya. Nikaona ni kimya kizuri, cha mtu anayejiandaa. "Mwanao," nikasema, "alikuwa kijana mwenye adabu sana. Sote hapa tulimpenda. Sasa, kama unavyojua, mama, mambo ya dunia…"

Sitaieleza sauti iliyotoka kwenye simu ile. Ilianza yeye peke yake, kisha nyuma yake mwanamke mwingine akaipokea, kisha mwingine. Nilipiga kelele, "Yuko hai! Yuko hai!" lakini nani angenisikia? Mke wangu alikuwa amesimama na birika mkononi. Kijana akaruka kuifikia simu, na mkono wake ulipofika, laini ikakatika.

Tulipiga tena. Namba inatumika. Tulipiga tena. Inatumika. Tulijua inatumiwa kufanya nini. Kila mtu wa ukoo wake, kutoka Bukavu mpaka Goma, alikuwa akipigiwa. Mke wangu alininyang'anya simu, akawa anapiga yeye, anabonyeza namba ndefu ya kadi, anakosa, anaanza upya, hanitazami. Laiti angenicheka.

Kijana alikuwa amekaa chini sakafuni, magoti yamefika masikioni. "Papa," akasema, "juu ya nini ulimuuliza kama iko na mutu karibu? Kaka yangu alipokufa, ule aliyepiga simu aliuliza ivyo ivyo. Umekaa, mama. Uko na mutu karibu, mama."

Sikujua kwamba alikuwa na kaka. Miezi miwili amekula mezani kwangu, nami sikumuuliza. Nilikuwa najua kuuliza habari za watu pale tu ninapotaka kuwafikisha mahali.

Baada ya karibu nusu saa, simu ikaita kule Bukavu. Akapokea mwanamume, sauti imekwaruza. Mke wangu alifungua mdomo lakini yule mtu hakusubiri. "Ndiyo, tumepata habari," akasema. "Aksanti kwa kutupigia. Mwili mutauleta siku gani?"

Kijana akainuka. "Mjomba, ni miye," akasema.

Mjomba akakata simu. Simlaumu. Ningekata hata mimi.

Tukapiga mara ya mwisho. Sauti ya kwenye kadi ikatuonya kwamba dakika zimebaki chache. Sasa aliyepokea ni mama mwenyewe. Tulimsikia akihema, na nyuma yake watu wameshakusanyika, wanaimba wimbo wa kanisani, ule uimbaji wa watu walioketi chini.

"Mama, ni miye," kijana akasema.

Wimbo ukaendelea nyuma yake.

"Mama. Niko. Niko Birmingham, kwa Papa, hapa nyumbani kwao. Niko mzima, sina hata kidonda. Ni ekipe ndiyo imeniacha. Sina tena kazi, mama. Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi mbili tu, nilikuficha. Unisamehe. Waambie pale kanisani…" Akashindwa kuendelea. Alikuwa analia sasa, kama alivyosema atalia, mtu mzima anayegusa dari ya nyumba yetu kwa mkono.

Wimbo wa nyuma ulikatika, sauti moja moja, mpaka ukaisha.

"Ya ekipe utaniambia siku ingine," mama akasema. "Sema ile ya kwanza."

"Ile gani, mama?"

"Ile ya kwamba uko."

"Niko, mama."